Kuanguka Mara Tatu: Nilivyojifunza Kuchagua Kinga ya Injini ya Pikipiki ya Safari

Mara ya kwanza pikipiki yangu ilipoanguka haikuwa hata ikitembea. Nilikuwa nimesimama kwenye mteremko mdogo wa kokoto ili niisome njia iliyo mbele yangu, nikashusha mguu wa kushoto mahali ambapo ardhi ilikuwa chini kuliko nilivyodhani, na zaidi ya kilo 200 za chuma, petroli na mizigo zikalala polepole upande wangu, nikishuhudia kila kitu bila kuweza kukizuia. Niliinuka mzima, bila mchubuko. Niliisimamisha pikipiki kwa taabu, nikaanza kuifuta vumbi, na hapo ndipo nilipoona doa jeusi likipanuka taratibu kwenye kokoto chini ya injini. Jiwe moja lenye ncha, lisilozidi ukubwa wa ngumi, lilikuwa limetoboa kava la alteneta upande wa kushoto. Tundu lilikuwa dogo kama ukucha wa kidole, lakini oili ilichuruzika humo bila kukoma, na safari niliyoipanga kwa miezi mingi ikaishia pale.

Kava hilo ni la aluminiamu ya kusubu yenye unene wa milimita chache tu. Limeundwa kuzuia oili isitoke na vumbi lisiingie. Halikuundwa kubeba uzito wa pikipiki juu ya jiwe. Nililijua hilo kabla sijanunua pikipiki, kwa maana nilikuwa nimesoma na kuambiwa, lakini niliahirisha kununua kinga kwa sababu nilitaka kwanza kuifurahia pikipiki yenyewe. Kava jipya, gasketi, oili, filta, gari la kuibeba pikipiki na siku tisa za kusubiri kipuri vilinigharimu, kwa jumla, zaidi ya mara mbili ya bei ya kinga nzuri niliyokuwa nimeiona haina haraka. Nilipata bahati moja ambayo sikuitambua siku ile: oili ilimwagika nikiwa nimesimama. Ingemwagika nikiwa kwenye mwendo, ingefika kwenye tairi la nyuma, na hapo hasara isingekuwa ya vipuri tu.

Kosa langu la pili lilizaliwa na uchungu wa kosa la kwanza. Nilinunua bampa la injini, yaani kinga ya mabomba inayofungwa pembeni mwa injini, ndani ya siku mbili baada ya pikipiki kurudi, nikiwa bado na hasira, na nikalichagua kwa vigezo ambavyo leo naona havikuhusiana kabisa na kazi niliyotaka lifanye. Lilikuwa jepesi. Rangi yake ililingana na pikipiki. Muuzaji alisema linafungwa kwa nusu saa bila kugusa fremu, nami nikalichukulia hilo kuwa sifa. Bampa lile lilishikwa kwa boliti mbili tu kila upande, na zote mbili ziliingia kwenye mwili wa injini yenyewe. Ngao ya chini niliiacha ile ya plastiki iliyokuja na pikipiki kutoka kiwandani, ambayo huzuia matope yasirukie injini lakini haizuii jiwe.

Miezi mitano baadaye nilipita kwenye mtaro uliochimbwa na matairi ya malori wakati wa mvua na kukauka ukawa mgumu kama saruji. Mwendo wangu haukuzidi kilomita 20 kwa saa. Tairi la mbele lilishika ukingo wa mtaro, hendeli ikanipokonya mikono, na pikipiki ikaangukia upande wa kulia. Nilipoinama kutazama, nilitarajia kuona bampa lililochubuka na injini nzima, maana ndicho nilichokilipia. Nilichokiona ni bomba lililojikunja kuelekea ndani na kulipasua kava la klachi. Baya zaidi lilikuwa juu yake kidogo: sikio la injini, yaani ile nundu yenye tundu ambamo boliti ya bampa ilipita, lilikuwa limemeguka pamoja na kipande cha kasha la injini.

Tofauti kati ya kava na kasha ni kubwa, na aliye mgeni katika mambo haya anapaswa kuifahamu mapema. Kava hufunguliwa na kubadilishwa kwa jioni moja. Kasha ni mwili wenyewe wa injini, na likimeguka mahali pabaya, injini hutolewa kwenye fremu na kufunguliwa yote hadi kwenye shafti. Pikipiki yangu ilikaa karakana wiki saba. Gharama ilinifanya nifikirie kuiuza kama vipuri, na kwa muda fulani sikutaka hata kuingia mahali ilipokuwa imelazwa, kwa sababu nilihisi kuwa nimeiumiza kwa mikono yangu mwenyewe. Kinga niliyoinunua ndiyo iliyogeuka nyundo. Bila bampa lile, kava la klachi pengine lingepasuka, lakini kasha lingebaki salama.

Fundi aliyeifungua injini, mzee aliyeanza kazi hii kabla sijazaliwa, hakunilaumu. Aliliweka bampa lililopinda juu ya meza yake na kuniuliza, «Mwanangu, hili bomba likisukumwa, linasukuma nini?» Nikamjibu kuwa linasukuma boliti. «Na boliti inasukuma nini?» Nikanyamaza, kwa sababu jibu lilikuwa mezani mbele yetu: kipande cha aluminiamu kilichomeguka, boliti ikiwa bado imo ndani yake, imenyooka kabisa.

Nilirudi nyumbani na swali hilo na kulifanyia hesabu. Pikipiki ya kilo 220 inapoanguka ikiwa imesimama, kitovu cha uzito wake hushuka takriban sentimita 30. Hiyo ni nishati ya karibu jouli 650, sawa na kudondosha nyundo ya kilo 10 kutoka urefu wa zaidi ya mita sita. Nishati hiyo haitoweki kwa sababu tumefunga bomba; lazima iishie mahali fulani, ama kwa kulipinda bomba, ama kwa kuinyumbulisha fremu kidogo, ama kwa kulichimba udongo, ama kwa kuivunja injini. Hapo nikaelewa kwamba nilikuwa nimetafuta bampa lenye nguvu bila kujiuliza nguvu ya anguko itapita njia gani na kuishia wapi. Tangu siku hiyo, kila kinga niliyoiangalia niliifuata kwa kidole kutoka mahali itakapogusa ardhi, kwenye bomba, kwenye kibano, kwenye boliti, hadi mahali pa mwisho. Ikiwa mahali pa mwisho palikuwa fremu ya chuma, niliendelea kuichunguza. Ikiwa palikuwa sikio jembamba la aluminiamu, niliiacha hata kama ilikuwa nzuri kiasi gani.

Hesabu ya pili ilinifundisha jambo jingine. Pikipiki ileile ikiwa kwenye mwendo wa kilomita 50 kwa saa imebeba nishati ya zaidi ya jouli 21,000, yaani zaidi ya mara thelathini ya ile ya kuanguka ikiwa imesimama. Hakuna bampa la kuifyonza nishati ya namna hiyo. Anguko la kwenda chini linabaki lilelile. Kilichoongezeka ni mwendo wa kwenda mbele, na mwendo huo unapaswa kuishia katika kuteleza na kusuguana na ardhi. Kwa hiyo umbo la bampa lina uzito sawa na unene wake. Kona kali, kichwa cha boliti kilichotokeza upande wa nje au kibano chenye ukingo mkali vinaweza kuchomeka ardhini na kuifanya pikipiki izunguke au kupinduka badala ya kuteleza. Vivyo hivyo bampa pana kupita kiasi: kadiri linavyotokeza nje ndivyo linavyokuwa wenzo mrefu dhidi ya boliti zake, na ndivyo linavyokwama kwenye miamba na kuta za mitaro ambako pikipiki nyembamba ingepita.

Kabla ya kununua mara ya pili niliamua kuijua kwanza pikipiki yangu, kazi ambayo ningepaswa kuianza siku niliyoinunua. Nilichukua ubao mnyoofu wenye urefu wa karibu mita mbili, nikausimamisha pembeni ya pikipiki, ukigusa ncha ya hendeli kwa juu na ncha ya kikanyagio cha mguu kwa chini. Kisha nikausogeza mbele na nyuma, nikitazama ni nini kinachoukaribia. Chochote kilichogusa ubao, au kilichobakiza nafasi ya vidole viwili, nilikihesabu kuwa kitaumia, kwa sababu ardhi haijanyooka kama ubao. Kava la alteneta upande wa kushoto lilikuwa karibu mno. Upande wa kulia, kava la klachi lilikuwa limejificha vizuri zaidi, lakini pampu ya maji iliyo mbele yake ilitokeza kuliko nilivyofikiri. Baadaye, kwa msaada wa rafiki wawili, tuliilaza pikipiki taratibu juu ya matairi chakavu, swichi ikiwa imezimwa na tangi likiwa na petroli kidogo, kwanza upande mmoja kisha mwingine. Tuliona kwamba masanduku ya pembeni yakiwepo, nyuma hubebwa na sanduku na mbele hubaki kwenye hendeli na injini; masanduku yakiondolewa, kikanyagio huchukua mzigo mkubwa. Yule anayesafiri na mizigo na yule anayetembea bila mizigo hawaangukii mahali pamoja, hata kama pikipiki zao zinafanana.

Pikipiki zenyewe pia hutofautiana sana, na hapa ushauri wa jumla humpotosha mtu kwa urahisi. Pikipiki za BMW za jamii ya GS zenye injini ya boksa, ambazo zilianza na R 80 G/S mwaka 1980, zina silinda zilizotokeza pande zote mbili, kwa hiyo kinga ya kwanza inayohitajika ni ya vifuniko vya silinda. Suzuki V-Strom 650 ina filta ya oili iliyo wazi mbele ya injini, karibu na bomba la ekzosi, mahali ambapo jiwe linalorushwa na tairi la mbele hufika moja kwa moja. Huko ngao ya chini inayopanda juu mbele hutangulia bampa kwa umuhimu. KTM 790 Adventure, iliyotoka mwaka 2019, ina tangi la petroli linaloshuka pande zote mbili hadi karibu na usawa wa injini, kwa hiyo tangi ndilo linalokutana na ardhi mapema. Yangu ina silinda mbili zilizosimama sambamba, rejeta mbele, na ekzosi inayopita chini ya injini. Orodha yangu ya mambo ya kulinda isingemfaa hata mmoja kati ya wenye pikipiki nilizozitaja.

Kuhusu malighafi, niliamua chuma kwa bampa na aluminiamu kwa ngao ya chini, na sababu zangu ni hizi. Chuma hupinda sana kabla ya kukatika, na kupinda huko ndiko kunakoila nishati. Kikishapinda, fundi yeyote mwenye mashine ya kuchomelea anaweza kukishughulikia hadi utakapofika nyumbani. Bomba la aluminiamu ni jepesi, lakini huwa na tabia ya kupasuka kwenye maungio likipindishwa mara kwa mara, na kulichomelea kunahitaji vifaa na gesi ambavyo havipatikani kila mahali. Nilikutana na mabampa ya chuma ya aina mbili. Moja lilikuwa la bomba la milimita 22 lenye ukuta wa milimita 1.5, jingine la milimita 25 lenye ukuta wa milimita 2. Kwa macho yanakaribiana sana, lakini la pili lina uzito wa karibu kilo 1.1 kwa kila mita dhidi ya kilo 0.76 za la kwanza, na ugumu wake dhidi ya kupinda unakaribia mara mbili. Kwa ongezeko la karibu nusu ya uzito, hayo ni mabadilishano mazuri. Muuzaji asiyeweza kukuambia unene wa ukuta wa bomba, usinunue kwake hadi aupime, kwa maana kipenyo peke yake hakisemi lolote.

Muhimu kuliko bomba ni mahali linapofungwa. Bampa nililolichagua linashikwa sehemu tatu kila upande: juu kwenye fremu, katikati kwenye boliti nene inayoshikilia injini kwenye fremu, na chini kwenye fremu tena. Boliti ile ya katikati inapita kwenye injini, ndiyo, lakini imepita injini na fremu kwa pamoja, na kibano cha bampa kimekaa upande wa nje wa fremu, kwa hiyo msukumo unaikuta fremu kwanza. Tena, bomba la kushoto na la kulia limeunganishwa mbele ya injini kwa kiungo cha chuma. Kiungo hicho kinaonekana kitu kidogo. Bila hicho, upande ulioangukiwa hubeba kila kitu peke yake. Kikiwepo, upande wa pili husaidia kuvuta. Nimeona watu wakikiacha kwa sababu kinawasumbua wakati wa kubadilisha oili, na ninawasihi wakirudishe.

Boliti nazo zina habari zake. Zile nzuri zina nambari kichwani: 8.8 au 10.9, na nambari ya kwanza huonyesha nguvu ya chuma chake dhidi ya kukatika kwa kuvutwa. Boliti zilizokuja na bampa langu la kwanza hazikuwa na alama yoyote, nami sikuwahi kulitazama hilo. Hata hivyo sikubaliani na wanaosema kila boliti iwe ngumu kupindukia. Mzee yule fundi alinionyesha kwamba katika mnyororo wa nguvu lazima kitu kimoja kiwe dhaifu kuliko vingine, na ni bora kiwe boliti ndogo ya kibano, inayobadilishwa kwa dakika kumi, kuliko fremu au kasha. Ukifunga boliti ngumu kila mahali, umekihamisha tu kile kitakachovunjika, na huenda umekihamishia mahali ghali.

Ngao ya chini ilinichukua muda mrefu kuliko bampa, na bado naamini ndiyo iliyostahili fikira zaidi, kwa sababu kuanguka ni jambo la mara mojamoja ilhali mawe hugonga tumbo la injini kila siku ya safari. Nilichagua bamba la aluminiamu la milimita 4. Bamba la ukubwa huo, lenye eneo la kama theluthi moja ya mita ya mraba, lina uzito wa chini kidogo ya kilo 4; lingekuwa la chuma kwa unene uleule lingekaribia kilo 11, na uzito huo wote ungening'inia mbele. Bamba la milimita 2 nalo nililikuta likiuzwa kwa bei ya kuvutia, lakini nilipoliminya kwa magoti likinywea, nikajua kwamba kwenye jiwe litanywea hadi liguse sampu, yaani bakuli la oili lililo chini ya injini. Zipo pia ngao za plastiki nzito, ambazo hazifanani hata kidogo na ile ya kiwandani. Hizo huteleza juu ya mawe bila kelele na hurudi katika umbo lake, lakini huhitaji kuwekwa mbali na ekzosi. Kama ekzosi ya pikipiki yangu isingepita chini, huenda ningeichagua hiyo.

Niliikagua ngao kwa mambo machache ambayo natamani ningeambiwa mapema. Je, imefungwa kwenye fremu au kwenye injini? Baadhi ya pikipiki hazina mabomba ya fremu yanayopita chini ya injini, kwa hiyo ngao haina budi kushikwa na injini. Mwenye pikipiki ya namna hiyo atafute ngao yenye mipira minene kwenye vishikio na inayoeneza mzigo sehemu nyingi, na aepuke kabisa ile inayoning'inizwa kwenye boliti za sampu. Je, kuna nafasi kati ya bamba na sampu? Mimi hutaka sentimita moja na nusu au zaidi, ili bamba liweze kubonyea bila kugusa. Je, pande zake zinapanda juu kufunika sehemu ya chini ya makava? Je, oili inaweza kumwagwa na filta kufunguliwa bila kuitoa ngao yote? Je, yapo matundu ya kutosha ya kutolea maji, matope na joto? Matope yaliyoshindiliwa kati ya ngao na injini huzuia hewa isipoze, na nyasi kavu zinazonasa karibu na ekzosi zinaweza kushika moto. Hilo la nyasi nililiona kwa macho yangu, moshi ukipanda kati ya miguu yangu, na tangu hapo hukagua kila ninapotoka kwenye majani marefu.

Siku ya kufunga nilijipa siku nzima, na bado nilikaribia kufanya kosa kubwa. Bampa lilihitaji boliti mbili za kushikilia injini zitolewe na kuwekwa ndefu zaidi. Nilikuwa nimeanza kulegeza zote mbili kwa pamoja nilipokumbuka kuwa injini ikishuka hata milimita mbili, matundu hayalingani tena, na mtu huishia kupiga boliti kwa nyundo hadi aharibu nyuzi. Niliweka jeki chini ya injini, kipande cha ubao kikiwa katikati, nikaibana kidogo tu ili iegemee, kisha nikabadilisha boliti moja, nikaikaza nusu, ndipo nikagusa ya pili. Boliti zote za bampa ziingizwe kwa mkono kwanza, zikiwa zimelegea, na kukaza kufanywe mwishoni kwa zamu, kushoto na kulia. Ukikaza upande mmoja kabisa kabla ya mwingine, utalazimika kulivuta bomba kwa nguvu ili lifikie tundu, na bomba lililofungwa kwa kuvutwa huikandamiza fremu kila dakika hata pikipiki ikiwa imelala bandani. Nilitumia spana ya kupimia mkazo kwa vipimo vya kitabu cha pikipiki, na gundi ya boliti ya aina inayoruhusu kufunguliwa tena. Baada ya kilomita 500 nilizipitia zote upya, nikakuta tatu zimelegea.

Kipimo cha mwisho kabla ya kuondoka ni kile ambacho wengi hukiruka. Geuza hendeli kushoto hadi mwisho, kisha kulia hadi mwisho, na utazame kama kuna waya, bomba la breki au kikinga mkono kinachogusa bampa. Kisha watu wawili wakandamize mbele ya pikipiki kadiri wawezavyo ili shokapu zishuke, na wewe uangalie ni nafasi gani imebaki kati ya tairi na ngao, au kati ya madigadi na bampa la juu. Shokapu zikigonga mwisho kwenye shimo, zitashuka kuliko walivyokandamiza, kwa hiyo nafasi iliyobaki isiwe finyu. Kwenye pikipiki yangu kibano kimoja kilikuwa karibu sana na mpira wa rejeta, nami nikakigeuza.

Uzito wote ulioongezeka ulikuwa kama kilo 10. Nilihisi tofauti hiyo kwenye kona za polepole, mbele ikiwa nzito kidogo, nikaongeza mkazo wa springi za mbele hadi pikipiki ikasimama kama zamani. Kelele nayo iliongezeka, kwa maana bamba la aluminiamu hurudisha sauti ya injini masikioni. Vipande vya mpira mnene kwenye vishikio viliipunguza, ingawa haikuisha. Kwa fedha, bampa, ngao, boliti na kazi yote havikufikia theluthi ya nilichokilipa kulirekebisha kasha.

Anguko la tatu lilikuja kwenye mteremko wa mawe yaliyolegea, upande wa kushoto, upande uleule wa tundu la kwanza. Pikipiki iliteleza kama mita mbili na kusimama. Kabla sijaiinua nilizima swichi, nikanusa kama kuna petroli, nikapiga magoti na kutazama chini ya injini kwa tochi, moyo ukinidunda kama siku ile ya kokoto. Palikuwa pakavu. Bomba la chini lilikuwa limechubuliwa hadi chuma kikang'aa, na ngao ilikuwa na bonde refu lisilofika kwenye sampu. Kuiinua kulikuwa rahisi kuliko awali, kwani bampa huizuia pikipiki isilale kabisa. Kabla ya kuwasha nilikagua kioo cha kuonyesha kiwango cha oili, nikahakikisha pedali ya gia haijapinda kuelekea kwenye kava, nikapitisha kidole kwenye kila ungio lililochomelewa nikitafuta ufa mwembamba, kisha nikatikisa bampa kwa mikono miwili. Lililia kidogo. Boliti ndogo ya kiungo cha mbele ilikuwa imepinda, nami nilikuwa na nyingine kwenye mfuko wa vifaa, pamoja na gundi ya chuma ya kuchanganya sehemu mbili, ambayo huziba tundu la kava kwa dharura endapo utalisafisha kwa petroli na kulisugua kwanza hadi liwe kavu na lenye makwaruzo. Sikuihitaji. Nilibadilisha boliti na kuendelea na safari jioni ileile.

Nyumbani nililipima bomba la kushoto kwa kulilinganisha na la kulia, nikakuta limeingia ndani kwa milimita 11. Kwa macho halionekani limepinda. Lakini nafasi niliyoiacha kati yake na kava imepungua kwa kiasi hichohicho, na chuma kilichokwisha kupinda na kunyooshwa hakirudi kuwa kile cha mwanzo, kwa hiyo sikulinyoosha. Nimeagiza la upande huo peke yake, na hadi litakapofika naitumia pikipiki kwenye barabara za lami tu.